Odii ya ukweni, mafuta yaliyopanda juu, na sinia ya Idi

Mama mmoja wa Kinubi wa Bombo, hapa Uganda, ameniandikia hivi:

“Assalamu alaikumu mwanangu. Kijana wangu wa tatu ameoa binti wa Kiacholi kutoka Kitgum. Wazazi wa binti walipokuja kutuona walituletea ndoo ya lita 5 imejaa odii, yaani karanga na simsim za kukaangwa zilizosagwa mpaka zikawa rojo. Nilikuwa naisikia tu, sijawahi kukaa nayo nyumbani. Siku ya nne nikafunua, nikakuta mafuta yamepanda juu kina cha vidole viwili. Nikajua imeharibika. Nikaanza kuyamwaga, na kikombe kizima kilikuwa kimeshakwenda pale mkamwana aliponishika mkono. Sasa wajukuu wanachovya mkate, muhogo, vidole, kila kitu. Tena mimi mwenyewe nikiilamba nasikia uchungu kwa mbali. Idi inakaribia na nataka odii ionekane kwenye sinia, maana wakwe watakuwepo, na majirani zangu Wanyankole nao watakuja. Nifanyeje isioze, na iliwe vipi nisiwaaibishe watu? Na ile ndoo yao, nikiirudisha niweke nini ndani?”

Wa alaikumu salaam mama, na shikamoo. Nianze na lililokushtua: odii yako ni nzima. Mafuta yale hayakuingia kutoka popote, ni yake yenyewe, na kikombe ulichomwaga ndicho kilichokuwa kinailainisha. Mkamwana alifanya vizuri kukushika mkono. Angewahi kidogo tungeokoa zaidi.

Mimi nimekulia kwenye kambi ya polisi mjini Lira. Mama yangu alikuwa anasaga odii na kuwauzia majirani wa kila kabila, na biashara yote ile ilifanyika kwa Kiswahili. Baadaye nikasomea usindikaji wa vyakula, na siku hizi nafundisha vikundi vya akina mama wanaosaga karanga na simsim za kuuza. Maswali yako nayasikia kila mara, isipokuwa la ndoo, ambalo nimelifurahia nikaliweka mwisho.

Karanga kavu, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ufuta, au simsim kama tunavyoiita sote sokoni, ni hivyo hivyo, pengine zaidi kidogo. Mafuta hayo yamefungiwa ndani ya punje. Ukizikaanga na kuzisaga unavunja vile vyumba vyake vidogo na mafuta yanatoka nje. Kwa hiyo kilichomo ndooni mwako ni chembe za karanga na simsim zinazoogelea ndani ya mafuta yao. Chembe ni nzito, mafuta ni mepesi; ukiiacha ndoo itulie, zile zinashuka na yale yanapanda. Siagi ya karanga ya dukani haikufanyii hivyo kwa sababu tangu miaka ya 1920 viwanda vya Marekani vilijua kutia ndani yake mafuta yaliyogandishwa kiwandani, yanayozishika chembe zisizame. Lile kopo lililotulia dukani limesaidiwa, mama. Odii ya Kitgum haikusaidiwa na mtu.

Chukua mwiko mkavu wenye mpini mrefu, ushushe mpaka uguse sakafu ya ndoo, kisha pandisha kilichoko chini kije juu. Polepole, usichape kama unayepiga mayai, maana unaingiza hewa bure. Dakika kumi hivi zinatosha, na mkono utauma. Kwa kuwa kikombe kimeshapotea itakuwa nzito kuliko ilivyokuja, basi irudishie mafuta ya simsim, au ya alizeti kama ya simsim hayapo, kijiko kimoja kimoja hadi ianze kuporomoka mwikoni kwa uvivu. Kama mkamwana amekuja na moo yaa, yale mafuta ya mti wa shea wa kaskazini, kijiko chake kimoja pia kinafaa. Shea ya kwetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na inachanganyika vizuri. Ila ina harufu yake, na kwa Bombo si kila pua imeizoea.

Baada ya hapo usiiache kwenye ndoo ile kubwa inayofunuliwa mara kumi kwa siku. Igawe kwenye chupa za kioo zenye mfuniko, zilizokauka kabisa, uzijaze hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, uziweke mahali pa giza, mbali na jiko. Itakaa mwezi, hata miwili. Simsim yenyewe inakusaidia hapa, kwani ina vitu vya asili, sesamoli kimojawapo, vinavyochelewesha mafuta kuchacha. Odii iliyochacha utaijua kwa pua kabla ya ulimi: inanuka kama rangi ya mafuta inayopakwa milango. Hiyo usimpe mtu.

Sasa wajukuu. Wanavyochovya kunanitia wasiwasi kuliko mafuta yako, lakini huenda si kwa sababu unayoidhani.

Adui wa odii ni maji. Vijidudu vinavyoozesha chakula vinahitaji maji ili viongezeke, na ndani ya odii maji ya kuwatosha hayamo. Ndiyo maana bibi zetu waliiweka chunguni wiki kwa wiki na hawakuwa na friji. Hata zile pakiti za kulishia watoto wenye utapiamlo, ambazo Waganda wengi wameziona hospitalini na kambini, zimejengwa juu ya wazo hilo hilo: karanga iliyosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, bila tone la maji. Daktari Mfaransa André Briend ndiye aliyezibuni mwaka 1996 pamoja na kampuni ya Nutriset. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500, na mtoto anainyonya vile ilivyo, haihitaji kuchemshiwa wala kukorogewa kwa maji yasiyojulikana yametoka kisima gani. Mimi nikiiona naona odii iliyokwenda shule.

Lakini kijidudu kushindwa kuongezeka hakumaanishi kimekufa. Salmonela ikiingia kwenye siagi ya karanga inaweza kukaa humo hai kwa miezi. Marekani, kati ya 2008 na 2009, watu zaidi ya 700 waliugua na 9 wakafa kutokana na siagi ya karanga iliyochafukia kiwandani. Kwa hiyo usafi baada ya kukaanga ni mkubwa kuliko usafi kabla ya kukaanga: moto umeshapita, hakuna wa kukuokoa tena.

Kuhusu maji nina somo langu mwenyewe, na nililipa ada. Mwaka wa kwanza wa kazi yangu nilipeleka kilo 20 za karanga na simsim mashineni. Kijana wa mashine aliniona nimevaa koti jeupe, akaamua kuniheshimu: akaiosha mashine yake mpaka ikang’aa. Nikamshukuru, nikasagisha, nikaondoka. Sikuingiza kidole ndani kuhisi kama imekauka. Siku ya sita nikafunua nikakuta madoa ya kijani juu ya odii, kama ramani ya visiwa vya Ssese. Kilo 20 zote nikazifukia shimoni mbele ya akina mama niliokuwa nawafundisha. Tangu siku hiyo, kabla ya kusaga ninamimina bakuli moja la karanga kavu mashineni, zinasagwa, zinatupwa. Zinafuta unyevu, tena zinatoa unga wa mahindi au muhogo wa mteja aliyepita. Bakuli moja ni bei rahisi sana.

Basi kwa wajukuu, kanuni nyumbani kwako iwe moja: kilichotoka chupani hakirudi chupani. Asubuhi chota kwa kijiko kikavu kiasi cha kuliwa siku hiyo, kiweke kwenye kibakuli, halafu waachie. Wachovye mkate, wachovye vidole, waitane majina. Mate ni maji, mama, na kiazi kilichotoka sufuriani ni maji, na kidole kilichonawiwa dakika ile ni maji. Ndani ya kibakuli hayana madhara kwa sababu kibakuli hakifiki kesho. Kikibaki na chochote jioni, kiungie mboga ya usiku.

Tuje kwenye uchungu, na hapa nitakaa kidogo.

Uchungu wa odii una vyanzo vitatu. Cha kwanza na cha kawaida ni simsim iliyopitiliza motoni. Simsim ni mbegu ndogo. Ikianza kurukaruka na kupasuka sufuriani imeiva, na ukimjibu mtu mlangoni umeshaiunguza. Uchungu wake unafuatana na harufu ya kuchoma, kama ya kahawa nyeusi, na unapita upesi ulimini. Huo hauna neno. Wapo hata wanaoupenda. Cha pili ni kuchacha, nimekwisha kukieleza. Cha tatu ni karanga mbovu zilizosagwa pamoja na nzuri. Huu unachelewa: unaonja, unameza, ndipo unakuja nyuma ya ulimi na kukaa, pamoja na ladha ya ghala lililovuja. Odii iliyotoka kwa watu wanaoila wenyewe, tena waliyowaletea wakwe, naelekea kuamini ni simsim iliyopata moto mwingi. Lakini cha tatu hakitaniwi, kwa hiyo nieleze.

Karanga iliyoachwa na unyevu huota ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumukuvu. Dunia ilianza kuijua mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga yaliyoletwa kutoka Brazili. Na sisi hatukuwa nje ya habari hiyo. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti uliopima sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani na sokoni Uganda, na karibu tatu katika kila kumi zilikutwa na sumukuvu. Mwaka 2004 majirani zetu wa mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 kwa mahindi yenye sumu hiyo, 125 wakafa. Hao walikula nyingi kwa mara moja. Madhara ya kawaida ni ya polepole: ini, mwaka hadi mwaka, na kwa mtu mwenye homa ya ini ya aina B hatari ya saratani inakuwa kubwa mara nyingi zaidi. Kaskazini homa hiyo imeenea, na ndiyo sababu nyingine ya kuhakikisha watoto wanamaliza chanjo zao. Hiyo ya homa ya ini imo kwenye ratiba ya watoto wachanga Uganda tangu 2002.

Kiwango kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo, jumla ya aina zote za sumu hiyo. Ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100. Kwa hiyo usitegemee kuiona, kuinusa wala kuionja. Ule uchungu wa ghala ni wa karanga mbovu, sumu yenyewe haina ladha. Wala kukaanga hakuimalizi, inavumilia moto kuliko karanga yenyewe.

Kinachosaidia ni macho na ungo. Mama yangu alikuwa anamwaga karanga kwenye ungo mbele ya mlango, mahali penye jua, na sisi watoto tunakaa kuuzunguka. Kazi ilikuwa kutoa zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizochipua, zilizovunjika, zenye tundu la mdudu, na yoyote ambayo ganda lake jembamba limekuwa na vumbi la kijivu. Tukichoka tunaanza kupitisha. Yeye hasemi kitu, anaingiza kiganja katikati ya rundo tulilosema ni safi, anachota, anatandaza punje juu ya kanga yake, na anakuta mbili. Tunarudia ungo wote. Sikujua wakati huo kwamba anafanya kazi ambayo maabara nayo ingemsifu, kwani sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye punje chache mbovu. Ukizitoa hizo umeondoa nyingi. Zilizotupwa hazikwenda kwa kuku. Kuku akila, mayai yanaweza kubeba, na ng’ombe anapitisha kwenye maziwa. Zilikwenda shimoni.

Sokoni utakuta karanga zilizovunjika zinauzwa bei nusu, na zile zilizokwisha kusagwa kwenye beseni ambazo hakuna ajuaye zilikuwaje. Kusagwa kunaficha kila dhambi. Nunua punje nzima, uchambue, usage. Na usiwaulize wakwe kama walichambua. Swali hilo halina namna nzuri ya kuulizwa. Mwambie mkamwana akufundishe kutengeneza odii kama mama yake. Atakapofika kwenye kuchambua utaona mwenyewe, na yeye atafurahi kuwa mwalimu kwa mara moja nyumbani kwako.

Atakuonyesha pia vipimo vyao, ambavyo havifanani nyumba kwa nyumba. Mimi hutia vikombe viwili vya karanga kwa kimoja cha simsim na chumvi kidogo. Wengine nusu kwa nusu, na wako wasiotaka karanga kabisa. Bibi atakwambia ya jiwe ni tamu kuliko ya mashine. Ni kweli ni nzito zaidi na ina punje punje, lakini mimi nilisaga kwenye jiwe utoto wangu wote na siumwi na hamu ya kurudi.

Kula, sasa.

Kaskazini odii ina kazi mbili, na ya kwanza wajukuu wako wameigundua bila kufundishwa. Kiazi kitamu cha kuchemsha, bado kina joto la kuunguza vidole, unakiambua ganda, unamega, unagusisha odii, unakula. Lile joto linailainisha odii na kuitoa harufu. Muhogo wa kuchemsha ni vilevile. Mkate si desturi ya wazee wa Kitgum na huenda wakacheka wakiuona, lakini hakuna aibu yoyote. Hata kisra, ule mkate mwembamba wenu ninyi Wanubi, mnaweza kuipaka odii mkaikunja, nami nimeshaila hivyo nyumba moja hapo hapo Bombo na sikuacha kitu.

Kazi ya pili ndiyo kubwa: kuunga mboga. Boo, yaani majani ya kunde. Nyama au samaki wa kukaushwa kwa moshi. Na juu ya zote malakwang, majani makali kama ndimu, ndugu wa choya, yanayochemshwa na kumwagwa maji ya kwanza ili ukali upungue. Hapo kwenye kuunga ndipo wageni wa odii hukwama, kwa hiyo nisikilize taratibu. Usichote odii ukaitupa sufuriani, itabaki mabonge. Weka vijiko vinne kwenye bakuli. Tia maji ya moto ya ile mboga, kijiko kimoja tu, ukoroge. Odii itakasirika. Itashikana, itakuwa ngumu kama udongo wa mfinyanzi, mwiko utasimama wenyewe, na utasema mtaalamu amenidanganya. Tia kijiko cha pili, koroga. Cha tatu. Ghafla inaachia: rangi ya kahawia inageuka kuwa ya chai ya maziwa, na inakuwa laini kama malai. Hapo imimine kwenye mboga, moto mdogo, huku unakoroga kwa chini maana inashika sufuria upesi. Ikichemka mara mbili tatu, epua. Malakwang ni tamu zaidi ikishapoa kidogo, pamoja na viazi vitamu.

Usiichanganye na binyebwa ya Baganda, ambayo kwa macho unaweza kudhani ni ndugu. Ile ni karanga mbichi iliyotwangwa, haikukaangwa, na inataka kuchemka kwa muda mrefu mpaka ule ubichi uishe na rangi ya waridi itulie. Mtu akiipika dakika tano kama odii, tumbo litamweleza.

Kwa sinia ya Idi, ushauri wangu ni huu. Odii isimwagwe katikati ya pilau. Pilau ina mafuta na viungo vyake, zitagombana, na wakwe wataona chakula chao kimefanywa mchuzi. Andaa sinia ya pili: viazi vitamu na muhogo vimepangwa kwa kuzunguka, bakuli la malakwang au boo iliyoungwa, na kibakuli cha odii tupu katikati. Watu sita au saba wanaikalia. Adabu ya sinia unaijua kuliko mimi: Mtume alimwambia kijana Umar bin Abi Salama ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Kwa odii adabu hiyo inafanya kazi kama kanuni ya usafi. Kila mtu anachota upande wake wa kibakuli, hakuna anayevuka, na kipande kilichokwisha kuumwa hakirudi kuchovywa. Kwa Waacholi mkono wa kulia na kunawa kabla ya kula ni vilevile, kwa hiyo hutakuwa na la kuwafundisha wageni. Kama umati ni mkubwa na watoto wana mafua, weka vibakuli viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, hakuna atakayehesabu.

Jambo moja useme kwa sauti kabla ya bismillahi: “Hiki kina karanga na simsim.” Wapo watu ambao miili yao haivumilii kimojawapo, na odii ikishaungwa kwenye mboga haionekani. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hospitali saa ile ile, si kumpa maziwa na kungoja. Na mtoto mdogo anayeanza kula asilambishwe odii nzito kijikoni, inaweza kumkaba. Mkorogee nusu kijiko kwenye uji wake mpaka kipotee.

Majirani zako Wanyankole ndio wageni rahisi kuliko wote, kwa sababu wao wana eshabwe. Wameshakaa mbele ya chakula cha kuchovya kwenye kila kuhingira, yaani sherehe ya kumuaga binti yao anayeolewa. Eshabwe ni samli iliyokomaa, inapigwa kwa mkono pamoja na maji yaliyopoa na chumvi ya mawe, ekihumura, mpaka inageuka nyeupe kama povu la sabuni, inachujwa, na inaliwa ikiwa baridi, kwa kalo, yaani ugali wa ulezi. Haipikwi. Mtu mwenye haraka asiiguse, itakatika na kumwaibisha mbele ya mabwana harusi. Wakikuletea bakuli lake siku ya Idi, na nadhani watakuletea, ulitumie siku hiyo hiyo. Samli kabla ya kupigwa hukaa miezi, ni ndugu wa odii yako, haina maji. Ikishatiwa maji ikawa eshabwe, imekuwa chakula cha leo. Usiiweke kwenye chupa kando ya odii ukidhani zinafanana. Na viwekwe mbali mbali kwenye mkeka, kila kimoja na chakula chake. Mzee wa Kiacholi akichovya kiazi kwenye eshabwe hakuna ubaya, ila chumvi yake itamshangaza.

Kama ndoo haitafika Idi, kwa namna ninavyowafikiria wajukuu hao, usinunue odii ya kopo ukaimimina humo kana kwamba ndiyo ile. Mama wa mkamwana ataijua kwa harufu kabla hajakaa. Afadhali utoe kidogo, na useme watoto wameimaliza. Sijui mama wa Kitgum atakayechukia kusikia hivyo.

Tumefika kwenye ndoo. Mafuta ya karanga hung’ang’ania plastiki, kwa hiyo ioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, isuuze, uianike juani siku mbili nzima, ukiigeuza. Kifuniko pia, hasa ule mfereji wa ukingoni ambako maji hujificha, maana ndoo hii itajazwa odii tena na hutaki kilo zao ziishie shimoni kama zangu. Kuirudisha tupu haiwezekani, hilo hujaniuliza na sitakujibu. Karanga na simsim wanazo, usiwapelekee. Weka vitu vikavu: sukari kilo mbili, majani ya chai, na tangawizi kavu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kifuniko cha plastiki kitie humo humo ndani. Juu ya ndoo funika kwa tabaga, zile mnazosuka nyumbani kwa rangi zote. Hiyo nao hawana.